Kura na Ufunguo wa Maktaba

Jumatatu, 7 Julai 2025

Dada yangu Phanice, salamu nyingi katika jina la Bwana. Hujambo huko Mbale? Goti lako je? Na mvua ya mlimani, bado inawanyeshea kila jioni? Sisi hapa Mafubira tu wazima, mimi na mke wangu Maximilla, ila nina jambo. Ulinilaumu kwamba nikipiga simu nasema haraka na huelewi kitu. Basi nitaandika kidogo kila siku, kama shajara, kisha nikutumie kurasa zote kwa dereva wa teksi. Usimsomee mtu. Hata mchungaji.

Jambo lenyewe ni maktaba ya shule. Unajua tangu mguu uumie nikaacha lori, mimi ndiye ninayefungua kile chumba kila mchana. Zamani kilikuwa stoo ya posho, ule unga wa ugali wa watoto. Mpaka leo ukikung'uta kitabu unapiga chafya ya unga. Mshahara hakuna. Aliyenichagua hakuna. Nilikuta ufunguo umening'inia kwenye msumari, nikauvaa shingoni, na hakuna aliyeuliza. Vitabu navifunika kwa karatasi ya mifuko ya simenti, nagundisha kwa uji wa muhogo. Watoto huja, wananisomea. Tukifika neno nisilolijua nawauliza kwa sauti kali: hili maana yake nini? Wanadhani nawapima. Kumbe, Phanice, wao ndio wanaonifundisha. Wewe unajua shule niliiachia darasa la tano. Sasa nimefika habari za volkano!

Leo Hedimasta Apollo alituita. Akasema mambo hayawezi kwenda hivi hivi. Jumamosi wazazi waje kwa wingi, wachague kamati ya maktaba. Wasipokuja, chumba kinarudi kuwa stoo. Na nani atashika ufunguo, hilo nalo litaamuliwa siku hiyo. Hapo moyo ulinipiga. Halafu akataja neno mwenyekiti, moyo ukatulia. Mwenyekiti! Atajipa ufunguo mwenyewe, nani wa kumzuia? Hedimasta aliendelea kueleza masharti, lakini mimi tayari nilikuwa natunga hotuba.

Kikwazo ni kimoja. Zaituni. Yule mama Mnubi wa nyuma ya msikiti, Mama Juwairiya, anayekuja Jumatano kuwasomea watoto hadithi. Kiswahili chake kinateleza kama samli. Watu wanampenda. Hata mimi ningempenda, kama angekaa kwake.

Jumanne, 8 Julai

Mpango wa kwanza. Kukusanya vitabu kwa wazazi wa Budondo, ili Jumamosi nitokee na mlima wa vitabu, Zaituni abaki ameduwaa. Nikavaa kaki yangu ya lori na viatu vya buti, nikapanda boda. Nikaona niseme Kiswahili, nionekane mtu wa ofisi.

Mlango wa kwanza nikagonga kwa nguvu. Nikasema fungueni, tunatafuta vitabu.

Kisha nikasikia mlango wa nyuma, na miguu inakimbia ndani ya shamba la kahawa. Akatoka mama mzee, akapiga magoti, ananipa kitambulisho chake cha taifa kwa mikono miwili. Akasema afande, kijana hayupo, yuko sokoni Buwenge tangu jana. Nikamwambia mimi si afande, mimi natoka maktaba. Akauliza kwa heshima, hiyo maktaba ni kambi ya wapi.

Nyumba ya pili sikuwahi hata kugonga. Nilikuta kuku amefungwa miguu, ananingoja mlangoni.

Nilisahau, dada. Sisi tuliokulia upande wa Kenya Kiswahili ni cha soko na kanisa. Wazee wa hapa walikisikia kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Nilirudi kwa yule mama, nikakaa chini, nikamsalimia kwa Kisoga changu cha kuokoteza. Akacheka kidogo. Lakini kitambulisho aliendelea kukishika mpaka nilipoondoka.

Kuku nimemrudisha. Vitabu: hakuna. Kalenda ya mwaka juzi: moja. Njiani nilimwomba Mungu msamaha. Sasa usiku huu naona niliyepaswa kumwomba ni yule mama.

Alhamisi, 10 Julai

Mpango wa pili. Tangazo. Hapa kwetu habari zote, za msiba, za chanjo, za ng'ombe aliyepotea, hutoka kwenye spika za mtangazaji Namwase, juu ya mti mrefu wa senta, pale madukani. Nikaandika: Wazazi wote mje kura ya maktaba, shuleni, Jumamosi saa nne, msikose. Fupi. Safi. Na chini nikaongeza jina langu, litangazwe pia.

Zaituni akanikuta nalo njiani. Akaomba alitazame. Nikampa kwa shingo upande. Akaniambia, Baba Sheryl, andika uchaguzi, hilo neno kura watu wa hapa hawatalisikia vizuri. Nikamtazama. Nikajua: anataka tangazo liwe lake, aje aseme tuliandika wote. Nikamshukuru sana, nikakunja karatasi, nikaenda zangu. Namwase akalipokea, akaahidi pia kuwatafsiria wazee kwa Kisoga. Mtu mwema.

Ijumaa, 11 Julai

Limesomwa alfajiri! Nilikuwa napiga mswaki uani. Wazazi wote mje kula ya maktaba, kwa mwito wa Mzee Nyongesa. Sawa kabisa. R ya majirani zetu Wasoga hugeuka l, sikio langu limezoea, linajirekebishia lenyewe. Jina langu juu ya mabati yote ya Mafubira! Nikasema amina, povu likaniingia puani. Ya Kisoga sikuisikia, niliwahi maombi ya asubuhi.

Jioni Maximilla ametoka bombani. Anasema wanawake wanamuuliza ni nyama ya ng'ombe au ya mbuzi. Nikamjibu awaambie uchaguzi wangu ni safi, hauna nyama. Akaguna, akaingia jikoni. Huyu mwanamke haniamini, na tumeoana kanisani.

Jumamosi, 12 Julai

Ole wangu.

Saa tatu njia ilikuwa imejaa. Nilisimama kwenye geti na machozi ya furaha, namshukuru Mungu kwa sauti. Watu wa Mafubira, watu wa Budondo, hata wasio na mtoto shuleni. Kisha nikaona sahani. Kila mtu na sahani. Mzee mmoja alikuja na beseni lenye kifuniko, kwa ajili ya waliobaki nyumbani. Mwingine akanieleza kwamba hakunywa chai makusudi. Namwase naye yupo, sahani mkononi, ananipongeza. Nikamuuliza taratibu, kwa Kisoga ulisemaje? Akasema, Mwidhe tulye. Njooni tule.

Nikapanda juu ya benchi. Nikawaeleza kwamba si kula, ni kura. Wakaitikia, ndiyo, kula. Nikaviringisha ulimi mpaka taya likauma. Kurrra! Wakaitikia tena kwa furaha zaidi, kula. Hedimasta akaniita pembeni kwa majina yangu yote mawili. Akasema hawa wakiondoka na njaa, hawatarudi tena kwa ajili ya shule hii, na Jumatatu yeye anarudisha magunia chumbani.

Nikasimama pale na benchi langu. Sikuwa na mpango wowote. Mara ya kwanza wiki nzima.

Aliyeinuka ni Zaituni. Alicheka kidogo kwanza, kanga mdomoni, sitaficha. Kisha akamtuma binti yake Juwairiya akalete sufuria kubwa za msiba. Akazunguka nyumba za jirani akiomba kila mama alete kilichoko jikoni, hata kama ni kidogo. Vikaja viazi vitamu, muhogo, dagaa wa mukene, karanga za kusaga. Hedimasta akatoa posho. Maximilla wangu akakunja mikono ya gauni na kushika mwiko.

Chakula kikichelewa, na jua kali, Zaituni akaniomba nifungue maktaba wazee wakae kivulini. Nikafungua. Wakajaa mpaka kwenye madirisha. Watoto, kwa mazoea, wakachukua vitabu na kuanza kumsomea yeyote aliye karibu. Kulikuwa na kelele kama ya kanisa watu wakiomba wote pamoja. Yule mama mzee wa Budondo alikuwepo! Aliponiona akamwambia jirani yake, huyu ndiye afande wa vitabu. Bushira wa darasa la nne alimsomea habari ya nyuki. Ukurasa ulipoisha mama akamwomba aanze tena huo huo. Nilisimama mlangoni, ufunguo shingoni, nikafikiri, Mungu wangu, kumbe chumba ndicho hiki.

Tukala. Kisha kura, kwa kunyoosha mikono. Hedimasta akauliza nani awe mwenyekiti. Sauti ikatoka nyuma, yule aliyetuita! Mikono yote juu, mingine ina mukene bado. Zaituni naye alinyoosha. Nimeshinda, Phanice! Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta hotuba.

Hedimasta akasema ngoja. Akasema kama alivyoeleza Jumatatu, mwenyekiti hashiki ufunguo. Kazi yake ni kumkagua anayeushika, na mtu hawezi kujikagua. Kwa hiyo tuchague mshika ufunguo.

Zaituni akasimama.

"Hedimasta, mimi nilikuja na neno moja tu. Sisi kina mama wa Jumatano tulikubaliana Baba Sheryl aendelee na ufunguo wake. Watoto wamemzoea." Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Sasa kiti ulikitakia nini, baba? Ufunguo ulikuwa wako."

Hotuba ilikuwa mkononi. Ilianza na maneno Ndugu zangu wapendwa. Sikuweza kusoma hata hayo.

Wakamchagua yeye. Nilivua ufunguo shingoni, kamba ikanaswa kwenye sikio, watoto wakacheka, wakidhani nafanya mchezo. Nikampa. Watu wakapiga makofi.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani wamenipongeza. Mwenyekiti huku, mwenyekiti kule. Mchungaji akaniomba nisimame watu wanione. Nilisimama. Nilitabasamu. Wakati wa maombi nilitaka kulia lakini waliokuwa karibu wangedhani ni furaha.

Kamati hukutana mara moja kwa muhula, Phanice. Nimeuliza.

Maximilla amenipa chai. Baadaye akasema tu kwamba kama ningemwachia Zaituni ile karatasi Alhamisi. Hakumaliza. Hakuna haja.

Jumanne, 15 Julai

Jana mchana miguu ilinipeleka yenyewe. Nikafika mlangoni, nikapapasa shingo. Tupu. Zaituni alikuwa ndani, amefungua madirisha yote, hata lile ambalo mimi nilishindwa kulifungua miaka yote. Akanikaribisha. Nikamwambia nimekuja kukagua. Nikakagua. Nikaona uji wa muhogo umechachuka, nikamwambia. Akasema asante. Bushira akaja na kitabu kile cha volkano, akauliza tuendelee? Nikamjibu mwenyekiti ana haraka. Nilikaa nje chini ya dirisha, nasikiliza akimsomea mwingine. Walifika neno gumu. Hakuna aliyeuliza maana yake. Walipita tu.

Zaituni alitoka akakaa karibu nami. Akasema mama yake anaumwa, mikeka anayowasukia wateja inamngoja, ufunguo huu unamlemea. Akasema nenda kwa Hedimasta, mwambie tu kiti hukitaki, nami nitakurudishia ufunguo siku hiyo hiyo. Hivyo tu.

Nimekesha nikilifikiria. Ni maneno mazuri. Lakini mwanamume asimame aseme kiti sikitaki, siku chache tu baada ya kanisa zima kumpigia makofi? Itakuwa aibu kwetu sote, hata kwenu Mbale. Nimeomba juu ya jambo hili na nikaletewa njia bora zaidi.

Sikiliza. Njoo Ijumaa. Njoo na wenzako wa umoja wa kina mama, wale wanaojua kulia vizuri, mmevaa vitambaa vyenu. Mwende moja kwa moja kwa Hedimasta. Mumwambie kanisa la Mbale limenichagua kwa kazi kubwa kuliko ya hapa, na kwamba haiwezekani mtu mmoja kushika vyeo viwili. Kazi gani, msiitaje. Mimi nitakataa. Ninyi mtalia. Nitakataa tena. Mwishoni nitakubali kwa uchungu, niuache uenyekiti kwa heshima, watu wote wakinionea huruma. Wiki inayofuata Mbale mtabadili nia, nami nitabaki mtu huru, tayari kwa ufunguo. Hakuna panapoweza kuharibika. Zaituni sijamwambia, angetaka kurekebisha.

Dereva anaondoka saa saba, nafunga bahasha. Nakuomba unijibu upesi, leo hii ikiwezekana, ili nijue mtakuwa wangapi.

Ndugu yako akupendaye,
Nyongesa
Mwenyekiti