Droni Inayojua Kwao

Jackton alipomwona Truphena amepanda juu ya meza akiwapiga picha waombolezaji kwa simu, pale mtaani Mbotela, alimwonea huruma. Huruma ya Jackton ni kitu cha kuogopa. Mama huyo alikuwa akikodisha hema na viti vya matanga, na sasa alitaka kuuza na video.

Kesho yake Jackton akasimama uani kwa Truphena na rimoti mkononi, droni ikaja kutoka angani kama mgeni aliyealikwa. Alikuwa ameiwashia mtaa wa pili, alikomwacha mwenzake Simiyu na gunia tupu. Droni hiyo hukumbuka mahali ilipowashwa. Rimoti ikizimwa, hurudi pale pale. Alikuwa ameiuza mara tatu hivyo. Kila mnunuzi alilia kwamba imepotelea hewani, naye Jackton, kwa uungwana, alilia naye. Hakuwa na kazi nyingine duniani.

"Robo bei, mathe. Mwenyewe anahama chapchap. Lipa, alafu tujaribu. Nikizima rimoti, inarudi hapa hapa."

Bei hiyo haikumuuma Jackton. Kitu kinachorudi nyumbani hakina hasara.

Truphena akalipa kwa simu, macho yakimng'aa. Kisha akafunga leso kichwani.

"Ishushe tuiombee."

"Tutaombea ikirudi, mathe."

"Kijana wangu, kwangu hata sufuria haiingii jikoni bila maombi. Na wakati wa maombi kila kitu kinazimwa. Hata simu ya pasta."

Droni ikatua. Truphena akaizima kwa kidole chake mwenyewe, akaomba. Aliombea mabawa, betri, mikono ya Jackton, na mama aliyemzaa. Jackton aliitikia amina kwa uchungu wa kweli, kwa mara ya kwanza maishani.

Ikawashwa tena, pale pale uani. Jackton akanyakua rimoti, akaikimbiza droni kuelekea kwa Simiyu.

"Si ulisema inazimwa?" Truphena akampokonya rimoti, akaizima.

Droni ikasita juu ya mapaa, ikageuka, ikaja kutua miguuni pake. Mtaa wa pili Simiyu alibaki ameinua gunia.

"Bwana asifiwe!" Truphena akaikumbatia. "Shemeji yangu Wandera, kule Njiru, aliuziwa kama hii. Yake ilipotea. Nilimwambia, wewe hukuombea."

Jackton akamtazama usoni, asijue kama anachekwa.

"Chai iko, mwanangu," akasema Truphena. "Ama unarudi nyumbani?"