Bibi Tokie Aja Osaka Mara ya Kwanza

Mjini kila mtu ana ofisi yake. Ofisi ya Umezu ilikuwa nguzo moja karibu na mlango wa kati wa stesheni kuu ya Osaka, pale njia zote zinapokutana na mgeni anapoishiwa akili. Haikuwa na kodi, wala kiti, wala bosi. Kila asubuhi alifika kavaa suti ya kijivu, ile ile, na viatu vilivyokuwa safi kuliko historia yake, akaegemea nguzo na kumngoja mtu anayesimama katikati ya watu wanaokimbia. Mwenyeji hasimami katikati. Mwenyeji akipotea hujikausha, akaendelea kutembea kwa haraka kuelekea asikokujua.

Jumanne hiyo alimwona bibi mfupi wa miaka sabini na ushei, mkoba mkubwa begani, furushi la kitambaa cha zambarau mkononi, ameinua uso kusoma vibao huku mdomo u wazi. Watu walimpita kulia na kushoto kama maji yanavyolipita jiwe. Umezu akaguswa moyoni, kama fundi seremala aliyeonyeshwa ubao mzuri.

Kabla hajamfikia, niwaambie alichokuwa nacho mfukoni, maana kisa chote kimo humo. Ilikuwa bahasha ya Mama Chisako. Mama Chisako ana kibanda cha okonomiyaki kwenye uchochoro wetu, zile chapati nene za kabichi, na mimi kinyozi wa mlango wa pili nina kiti changu pale tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Bamba lake la chuma la kukaangia lilikuwa limepinda. Ukimwaga uji wa unga, wote unakimbilia pembe moja, na anayekaa pembe hiyo anakula chapati yenye umbo la kiatu. Mama alidunduliza muda mrefu anunue bamba jipya, akampa Umezu bahasha akalipie kwenye mtaa wa vyombo, kwa sababu hakuna anayejua kupunguza bei kama yeye. Tulimwonya. Mama akasema hata mwizi ana nyumba moja asiyoigusa, na nyumba ya Umezu ni hii.

Na kweli, miaka nenda rudi Umezu alikula pale bila kulipa, kama mgeni aliyefika jana. Hakuwa na kwingine kwa kurudi.

"Bibi, umepotea?" akauliza, ameinama kiasi kinachofaa.

"Sijapotea, mwanangu. Najua niko Osaka. Sijui tu Osaka yenyewe iko wapi."

Akajieleza kuwa jina lake ni Tokie, ametoka milima ya Tottori. Kila mwaka mumewe alimwahidi kumleta mjini, akafa masika hii bila kumleta, naye akaona aje mwenyewe kabla hajamfuata. Umezu alifuta jicho, na nadhani jicho lenyewe lilikuwa na maji kweli. Alikuwa msanii.

Kazi yake ilikuwa kuuza chumba. Chumba kilikuwa cha baharia mmoja aliyemwachia ufunguo amwagilie maua, juu ya ukumbi wa mchezo wa mahjong, na dirisha lake linautazama ule mnara mashuhuri wa mji moja kwa moja. Umezu hakumwonyesha mtu chumba siku ya kwanza, la hasha. Kwa siku mbili alikuwa akimtembeza kila mgeni, akamlisha, akambebea mizigo, hadi mgeni akaipenda Osaka kama mchumba. Siku ya tatu ndipo alipofungua mlango ule na kusema, kwa bahati tu, kuna chumba kidogo cha wanaoupenda mji huu. Mgeni akatoa kianzio. Umezu akahama nguzo kwa mwezi mzima, asionekane.

"Mimi siibi," alizoea kutuambia. "Mimi natoa. Natoa mpaka mtu aone haya kunikatalia." Na alilenga penyewe. Kwetu fadhila ni mzigo. Ukipewa tikiti maji leo, hulali mpaka umerudisha pichi.

Ila kutoa kunataka mtaji, na mtaji alikuwa nao kifuani, kwenye bahasha. Alijiambia Alhamisi atarudisha yote na cha juu.

Alianza na lile alilolipenda kuliko yote. Saa nne kasoro asubuhi alimsimamisha Bibi Tokie mbele ya duka kubwa la ghorofa, wa kwanza kabisa. Saa nne kamili milango ikafunguliwa, na ndani wafanyakazi wote walikuwa wamepanga mistari miwili, glavu nyeupe, wakainama kwa mteja wa kwanza. Bibi Tokie akainama kwa wa kulia. Akainama kwa wa kushoto. Akaenda akiinama kwa kila mmoja, na kila mmoja akalazimika kuinama tena, mpaka msururu nyuma yao ukafika barabarani.

"Sijawahi kuinamiwa hivi," akasema kwa sauti iliyokatika, "hata siku ya harusi yangu."

Wakashuka chini kwenye vyakula, ambako wauzaji hugawa vionjo bure, akaonja eneo lote kutoka samaki mpaka keki na kurudi kwenye samaki. Kwenye ngazi za umeme akasimama upande wa kulia, akawaachia wenye haraka upande wa kushoto, na Umezu akasimama nyuma yake akiwaza chakula cha mchana. Ndani ya treni mfanyakazi mmoja wa ofisini alikuwa akikohoa. Bibi Tokie akafungua mkoba, akampa peremende mtu yule asiyemjua, kisha akamgeukia Umezu.

"Chukua na wewe, mwanangu. Koo lako limekauka kwa kunieleza."

Umezu akaitia mdomoni akaendelea kueleza.

Walikula vitumbua vya pweza vya moto hadi machozi yakawatoka. Walikula mishikaki ya kukaanga, na Umezu akamwonya kwa uzito kama anayesoma hukumu kwamba mchuzi ni wa wote na mshikaki huchovywa mara moja tu, ukishauma, umekwisha. Bibi alichovya mara moja, mishikaki kumi na tisa. Umezu akampangia hoteli yenye bafu la maji ya moto. Jumatano wakapanda mnara, wakasugua nyayo za ile sanamu ya bahati inayocheka, na pale juu, mji wote umelala chini yao, bibi akamuuliza yeye mwenyewe aliipendaje Osaka.

Umezu akajikuta anasema kweli. Alisema alikuja na baba yake akiwa mdogo, mara moja tu, na watu wasiowajua waliwasindikiza hadi mlango wa hoteli kwa sababu baba aliuliza njia. Tangu siku ile hakuna mji mwingine uliomfaa. Akaona aibu, akamnunulia bibi aiskrimu.

Jioni ile alipita kwa Mama Chisako. Mama akamuuliza bamba liko wapi. Umezu akasema linachongwa maalumu, Alhamisi litakuja. Mama akamtazama muda mrefu kuliko kawaida, kisha akamwekea chakula.

Alhamisi akafungua mlango wa chumba. Jua liliingia dirishani, mnara ukasimama pale kama picha ukutani. Bibi Tokie akavua viatu, akatembea polepole juu ya mikeka, akagusa nguzo, akagusa kioo.

"Nakichukua," akasema.

Umezu akainama ili asionekane akitabasamu.

"Lakini akiba yangu iko kijijini, kwenye mtungi. Sitaki ukampe mwingine nikiwa njiani. Kaa na hiki." Akalisukuma furushi la zambarau mkekani kwa mikono miwili. "Bakuli la chai la ukoo wa mume wangu. Limepita vizazi vinne. Kwako wewe siogopi."

Sasa, mtu wa kwetu hafungui zawadi mbele ya aliyempa. Hata ikitoa moshi, unasema asante na kuiweka kando. Umezu akalipima furushi kwa vidole: sanduku la mbao, kamba ya kusokotwa juu yake, na uzito. Uzito wa mali ya kale hauna mfano. Akili yake ikaruka kutoka kianzio hadi duka la vitu vya kale. Waswahili wana neno kuhusu mbuzi anayeuzwa ndani ya gunia, lakini nani angemwambia saa hiyo?

Ndipo bibi akashusha pumzi. Alikuwa anawaza majirani. Mtu anatoka Osaka mara ya kwanza maishani, anarudi kijijini mikono mitupu, hata boksi la biskuti hana? Watamwonaje? Na fedha aliyokuja nayo inatosha nauli tu.

Umezu alijiona yu kwenye mizani: huku vizazi vinne vya bakuli, huku bahasha iliyokwisha kupungua. Fadhila kubwa vile hairudishwi kwa maneno. Akatoa bahasha kwa mikono miwili. Bibi akaikataa mara mbili, kama adabu inavyotaka, na mara ya tatu akaipokea. Umezu akamsindikiza hadi stesheni. Wakainamiana kwenye kizuizi cha tiketi mpaka watu wakawatenganisha.

Umezu hakulifungua furushi njiani. Alitaka watazamaji, hilo ndilo lililokuwa gonjwa lake. Akaja nalo kwa Mama Chisako, akalitua juu ya kaunta mbele yetu sote, akatusimulia habari za bibi, akatangaza kuwa bamba moja si kitu, Mama atapata mabamba mawili na mwavuli wa nje. Akafungua kitambaa. Akafungua kamba. Akainua kifuniko.

Ndani mlikuwa na jiwe la mtoni, jeusi, laini, lile la kukandamizia achari kwenye pipa. Na juu ya jiwe, peremende tano.

Hakuna aliyecheka mara moja. Mama Chisako akachukua peremende moja akaitazama.

"Huyo bibi wa milimani, alikuwa akigawa hizi kwa watu asiowajua?"

"Kwa kila mtu," Umezu akasema.

"Na kwenye ngazi za umeme alisimama upande gani?"

Umezu akafikiri. Uso wake ukaanza kushuka. "Kulia," akasema. "Kama sisi wa Osaka, si kushoto kama wageni."

Mama akauvuta mkoba wake mwenyewe kutoka chini ya kaunta, akaufungua. Peremende tele, za limao, za asali, za tangawizi. Hakuna mama wa Osaka anayetoka bila hizo, na hakuna mwingine nchi nzima anayembwagia mtu baki peremende kwenye treni. Tulikadiria bibi yule alitoka mbali usiozidi kilomita kumi: ng'ambo ya mto tu.

Hapo tukacheka. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Umezu hakucheka. Alikuwa akilitazama bamba lililopinda, na Mama alikuwa akimtazama yeye.

"Nilikuwa na nyumba moja nisiyoigusa," akasema taratibu. "Mama, nimeigusa."

Alisimama aondoke. Nilijua akitoka hatarudi, maana aibu ya namna ile haina mlango wa kuingilia. Mama Chisako akalichukua jiwe, akalipima mkononi, akaenda nalo nyuma, tukasikia likitua juu ya kifuniko cha pipa la achari.

"Zuri," akasema kutoka kule. "Langu lilikuwa jepesi." Akarudi na kisu na vichwa vitatu vya kabichi, akaviweka mbele ya kiti cha Umezu. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe nimekuchelewesha. Kata nyembamba."

Umezu akavua koti la suti. Alikata vibaya, vipande vinene kama vya kulisha ng'ombe, lakini alikata.

Yakapita majira. Umezu akawa mtu wa bamba, kitambaa kichwani, na ulimi wake ule ule. Wageni wa mara ya kwanza walikuwa wakiingia kula haraka, wakatoka baada ya saa mbili wameambiwa saa ya kufika kwenye duka la kuinamiwa na kitumbua gani cha pweza kiliwe wapi, na mfukoni hawakupungukiwa kitu. Lakini faida ya kabichi ni ndogo, na bamba lilikuwa bado linamwaga kila kitu pembeni.

Jioni moja pazia likasogezwa. Akaingia kijana wa tai nyekundu, viatu vinang'aa, amembebea mzigo bibi mfupi mwenye furushi la kijani. Mdomo wa bibi ulikuwa wazi. Tukaacha kutafuna sote.

Macho ya bibi na ya Umezu yakakutana juu ya moshi, wakatambuana. Neno moja la Umezu lingetosha kumfichua. Mama Chisako aliacha kusugua glasi.

"Karibu, bibi," Umezu akasema. "Mara yako ya kwanza Osaka?"

"Ya kwanza kabisa, mwanangu. Nimetoka kisiwani. Kijana huyu ana moyo, hataki nitoe hata senti."

Umezu akamtazama kijana, akaitazama tai, akalitazama furushi. Akafuta mikono.

"Basi mgeni wa mtu kama huyu hali chapati ya kawaida," akasema, akafungua sanduku la kamba wakubwa ambalo halijaguswa tangu mwaka mpya.

Bibi akala. Kisha akageuka akatuona sisi, wazee tuliojipanga na sahani tupu, akauliza kwa huruma kama nasi tumekwisha kula. Kijana angefanyaje? Ukiwa unatoa, unatoa. Tulikula kamba, tukala ngisi, tukaongeza nyama. Mama Chisako akaandika bili polepole, kwa mwandiko mzuri, akiwa amesimama kando ya bamba lililopinda, ambalo kwa bili ile lilikuwa limebakiza siku chache tu kibandani.

Kijana alipoisoma alimeza mate kwa shida. Bibi Tokie akafungua mkoba.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Koo lako limekauka."

Kijana akaichukua peremende, akaimenya, akaitia mdomoni, wala hakushangaa. Naye ni wa hapa hapa.