Beki Asiyevuka Mstari

Kamati Tendaji ya Ligi ya Ijumaa ya Wana Afrika Mashariki waishio Doha ina furaha kuutangazia umma kwamba suala la mabeki, lililoisumbua jumuiya yetu kwa muda mrefu, limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Mimi, Philip, ndiye Katibu wa Kamati hiyo. Naeleza mambo yalivyokwenda kwa sababu kuna watu huko mtaa wa Al Sadd wanaocheka bila kufuata utaratibu.

Kwanza ieleweke kwamba uwanja wetu wa Al Thumama una nyakati mbili. Kuna saa nane mchana, jua likiwaka mpaka nyasi za bandia zinanuka kama tairi linaloungua. Kuna na saa moja jioni, taa zimewashwa, kaupepo kanavuma. Saa moja ni ya Viongozi FC, timu ya Kamati, kwa sababu za kiutawala. Saa nane ni ya Wapiga Kazi FC, yaani walinzi, madereva na watu wa hoteli. Kila mwaka timu hizi hukutana fainali, sisi tukiingia moja kwa moja kikatiba, na mshindi huchagua saa yake ya mwaka mzima.

Mwaka huu likazuka tishio. Khalfan, mlinzi wa hoteli, Mzanzibari mpole, ni beki, lakini ni beki anayepanda. Anakaba, anauchukua mpira, anapanda nao, anafunga, kisha anaomba radhi. Alianza tabia hiyo baada ya mwenzake Kassim kuzimia uwanjani kwa jua la saa nane. Khalfan ndiye aliyembeba mgongoni, na tangu siku hiyo anaitaka saa moja jioni kuliko kitu chochote.

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Rodney, mtu wa kompyuta kutoka Nairobi, akaitisha kikao cha dharura kwenye mgahawa mmoja wa chai ya karak. Hapo akawasilisha utafiti wake juu ya Bwana Ambrose Thackley, beki Mwingereza wa enzi ambazo watu walicheza mpira wamevaa kofia. Maisha yake ya soka yalikuwa ya mfano. Siku za kazi alikuwa kiwandani akisokota pamba, Jumamosi alikaba. Aliitwa timu ya taifa, akaenda, akakaba, Jumatatu akarudi kwenye pamba. Alipostaafu alifungua kilabu cha pombe, na huko nako, inasemekana, alipenda kusimama mlangoni.

"Na huyu mzee hakuwahi kuvuka mstari wa kati," akasema Mheshimiwa.

"Tumejuaje?" akauliza Hidaya, kocha wa Wapiga Kazi, ambaye hufua mashuka hotelini na haogopi vyeo.

"Picha yake ni moja tu duniani. Amesimama, amekunja mikono. Kama alivuka, picha iko wapi? Leta moja tu nikubali."

Hakuna aliyekuwa nayo. Ikaazimiwa kwamba, kwa heshima ya marehemu Thackley, beki haruhusiwi kuvuka mstari wa kati.

"Haya," akasema Hidaya. "Basi Khalfan tutamwita winga."

Mheshimiwa akatabasamu. Alikuwa amejiandaa. "Beki ni mtu yeyote ataonekana akilinda goli lake, hata mara moja. Akishaonekana, ni beki mpaka filimbi ya mwisho. Sasa leta hiyo ujanja yako, madam."

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga zaidi, maana maneno yale niliyatunga mimi.

Khalfan alikuwa amesimama karibu na mlango, kwa mazoea ya kazi. "Mie sina taabu, Mheshimiwa," akasema. "Nikiambiwa nisivuke, sivuki."

Ijumaa ya fainali filimbi ilikuwa kwa Cherotich, muuguzi aliyezoea wagonjwa wakorofi. Tulimchagua kwa kuwa hufuata maelekezo neno kwa neno. Khalfan akaenda kusimama hatua moja nyuma ya mstari, mikono ameikunja kama Thackley mwenyewe. Tulishangilia mpaka koo zikakauka.

Bahati mbaya, Hidaya alikuwa amewaagiza wachezaji wake wengine wote washambulie na wasirudi nyuma kabisa. Wakatuvamia. Mabeki wetu wakazidiwa, Mweka Hazina akarudi kusaidia, winga akarudi, kiungo akarudi. Mwishowe Mheshimiwa Rodney, mshambuliaji wetu, ambaye hakuwahi kurudi nyuma tangu achaguliwe, akaja kuokoa kona kwa kichwa. Aliiokoa vizuri sana. Kisha akaanza kupanda, na filimbi ikalia.

"Unaenda wapi?" akauliza Cherotich.

"Kufunga. Mimi ni straika."

"Ulikuwa. Umelinda goli, nimekuona na macho yangu. Wewe ni beki. Rudi huko."

"Madam, mimi ni Mwenyekiti!"

"Basi wewe ni mwenyekiti beki. Rudi, ama nitoe kadi."

Akarudi. Kufikia hapo Kamati nzima ilikuwa imeshaonekana ikilinda, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka. Kila mpira tulioubutua ulimfikia Khalfan, aliyekuwa peke yake nusu nzima ya uwanja, naye akaurudisha kistaarabu. Mpira mmoja aliurudisha kwa nguvu kidogo. Ukapita juu ya vichwa vyetu, ukadunda mbele ya kipa, ukaingia.

"Umevuka mstari!" akalia Mheshimiwa.

"Mpira si beki," akasema Cherotich, akaonyesha katikati.

"Mnisamehe," akasema Khalfan.

Likabaki goli hilo hilo. Ndiyo maana taarifa hii naiandika saa nane mchana, kichwa kinanigonga, tairi linanuka, na sioni haya kukiri kwamba naionea wivu saa moja jioni.

Leo Khalfan ametuletea katoni ya maji baridi, hakuitwa na mtu. "Sitaki mtu azimie tena," akasema, akamfungulia Mheshimiwa chupa ya kwanza. Mheshimiwa akainywa yote, akatazama huku na huku, kisha akainamisha kichwa.

"Ndugu yangu," akanong'ona, "hiyo timu yenu ya jioni haina nafasi ya mtu mmoja?"

"Ipo, Mheshimiwa," akasema Khalfan. "Ya beki."