Siku Tatu za Shule Kufungwa

Jumapili, 6 Oktoba

Barua kutoka shuleni kwa binti yetu. Shule itafungwa Jumanne hadi Alhamisi. Jumanne wanapanga madawati, Jumatano watu wanapiga kura, Alhamisi wanafagia. Siku tatu! Nikaanza kupanga safari.

Kabla sijafungua mdomo, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi wa majokofu, mwenye pikapu na meno yote, akatangaza kwamba Jumatano atawapeleka watu wote kwenye bwawa la kuogelea. Watu wote! Pamoja na wangu! Mama mkwe akamwombea maisha marefu.

Nikasema sisi tutakwenda kupiga kambi maporomokoni. Siku tatu. Hema ninalo. Mke wangu akauliza likizo nitaitoa wapi, maana ya mwaka huu niliimaliza nikifuga kware. Nikamwambia aniachie mimi. Akasema ndicho kinachomtisha.

Jumatatu, 7 Oktoba

Kazini. Ninaandika taarifa za mabomba yanayovuja, idara ya maji, dirisha la pili. Nikaingia kwa mkuu wa idara, mama ambaye hajawahi kucheka tangu nimjue, nikamwambia nimeteuliwa kusimamia kituo cha kupigia kura. Kesho hadi Alhamisi. Wito wa taifa.

Nilitarajia anune. Akasimama! Akanishika mkono kwa mikono miwili. Akawaita wafanyakazi wote, akahutubia kuhusu uzalendo. Nikapigiwa makofi. Nikapewa kizibao kipya cha kung'aa, kile cha mafundi wa barabarani, nionekane vizuri kituoni.

Fundi bomba akauliza kituo gani. Ulimi hauna mfupa: nikaitaja shule ya binti yangu. Mkuu akasema na yeye anapigia kura hapo hapo.

Makofi yakaendelea. Jasho nalo.

Jumanne, 8 Oktoba

Mke wangu amegoma. Hakuna kwenda popote kabla ya kura, na mama yake naye kajiandikisha. Safari ya siku tatu imebaki siku moja na nusu. Sawa. Tutapiga kura alfajiri, saa tatu tuko njiani.

Nikafanya mazoezi ya hema sebuleni. Likasimama vizuri, kisha likaanguka na mama mkwe akiwa ndani. Akaanza kuita majina ya marehemu. Shemeji akapita kusalimia, akavuta kamba moja tu, hema likasimama wima kama askari. Moja tu! Akasema bwawa bado lipo, nikibadili nia. Nikamshukuru kwa meno ya mbele.

Nikamweleza binti yangu, ambaye tunamwita Kasuku, kwamba habari ya kusimamia kituo ni siri ya baba. Akaapa.

Jumatano, 9 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Tulifika saa kumi na mbili asubuhi. Mke wangu, mama mkwe na shemeji mbele, mimi na Kasuku nyuma yao. Mambo shwari. Saa moja na nusu, nimebakiza watu sita, nani anaingia getini? Mkuu wa idara, na mkoba wake wa ngozi.

Nikaruka kutoka kwenye foleni. Nikavaa kizibao, nilichokificha kwenye mfuko wa hema. Nikaanza kuelekeza.

Wakatii! Ajabu ya Mungu. Wazee wakakaa niliposema wakae. Mkuu akaniinamishia kichwa kwa heshima. Hapo ndipo nilipolewa. Nikatangaza kwamba wenye majina ya A hadi K waende chumba cha mwisho. Kwa nini? Sijui mpaka leo. Watu arobaini wakanifuata, mkuu akiwemo, wakasimama kwa utulivu mbele ya stoo ya mipira.

Nusu saa. Mlango haukufunguka. Mwishowe akatoka msimamizi wa kweli, mama mwembamba mwenye miwani ya kamba, akauliza wale wanasubiri nini. Vidole arobaini vikanionyesha.

Kabla sijapata uongo, Kasuku akawahi: "Baba si msimamizi! Baba anaandika mabomba. Alisema hivyo kazini ili twende kambi. Lakini ni siri."

Hata polisi wa getini alisikitika.

Msimamizi akanivua kizibao na kunipeleka mwisho kabisa wa foleni. Wale arobaini nao walikuwa wameshapoteza nafasi zao, kwa hiyo aliyesimama mbele yangu alikuwa nani? Mkuu wa idara. Kwa saa tano nzima niliangalia kisogo chake. Aligeuka mara moja tu.

"Lile bomba la mtaa wa kiwandani limeshazibwa?"

Nikasema bado. Akarudi kutazama mbele.

Familia ilikwishamaliza. Honi ya pikapu ikalia. Mke wangu akaja, akasema mtoto hawezi kuadhibiwa kwa foleni ya baba yake. Wakaenda bwawani. Nilipiga kura saa saba na nusu, nikarudi kwa miguu, hema begani.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimeitwa kazini. Dirisha la pili limepata mtu mwingine. Mimi nitasoma mita nyumba kwa nyumba, mwezi mzima, mbwa wakiwepo au wasiwepo.

Kasuku anaweza kuelea. Shemeji ndiye aliyemfundisha. Hilo liliniuma kuliko mbwa. Jioni Kasuku akalala chali kwenye zulia, mikono kando, akanionyesha namna ya kulegeza shingo. Akaniambia na mimi nijaribu. Nikalala kando yake. Tukaelea hivyo mpaka mama yake alipotuita mezani.

Nikamwahidi kwamba baba hatadanganya tena.

Ijumaa, 11 Oktoba

Barua kutoka shuleni! Hakuna mgombea aliyefikisha nusu ya kura. Wananchi watarudi kupiga kura baada ya wiki mbili. Shule itafungwa siku tatu.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sitasema tena kwamba mimi ni msimamizi. Hata kwa dawa! Nitamwambia mkuu kwamba nimeteuliwa kuwa mwangalizi. Mwangalizi haelekezi mtu, hafungui mlango, anaangalia tu. Atakosea nini?

Kofia ya mwangalizi nimeshanunua.