Maafa Yaliyochelewa Kufika

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maafa ya Mtaa,
Ofisi iliyo nyuma ya shule ya msingi, mlango wa pili (ule usiofungika).

Ndugu Mwenyekiti,

Kuhusu: Kuchelewa kwa maafa uliyotuahidi

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi karibu na mlango wa kutokea kama ulivyotufundisha. Mimi ni mzima kwa kiasi. Naandika nikiwa juu ya machela, kwa sababu viti vyote vya sebuleni vimebeba madumu ya maji.

Pengine hunikumbuki. Mimi ndiye mzee aliyekaa mstari wa mbele siku ya mafunzo yako akaandika kila neno, hata pale ulipokohoa. Nilikuwa mtunza stoo wa hospitali kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu, na mtunza stoo huandika. Siku ile ulisema, nanukuu kutoka ukurasa wa nne wa daftari langu, kwamba dharura haipigi hodi, kwamba yaweza kuja wakati wowote, na kwamba kila kaya iwe na mahitaji ya siku tatu: maji, chakula kikavu, tochi, redio, sanduku la huduma ya kwanza, kamba, buti za mpira na filimbi. Wenzangu walipiga makofi wakaenda zao. Mimi nilikwenda dukani.

Sasa ni miezi kumi na minne na maafa hayajafika. Nimevumilia, maana mvumilivu hula mbivu, ila mbivu zangu zinakaribia kuoza kama nitakavyoeleza, na nyumba yangu imebaki na mtu mmoja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tarehe. Kazini kwangu, mtu akituandikia kwamba ataleta mzigo "wakati wowote", mzigo wake haupokelewi. Mzigo una siku yake. Wewe ulisimama mbele ya watu themanini, fimbo mkononi, ukasema wakati wowote, na hakuna aliyekuuliza swali. Mimi nilikuamini nikajiandaa. Na kwa kuwa mtunza stoo haagizi kiasi kinachotosha bali anaagiza na akiba, na akiba nayo huwekewa akiba, siku zako tatu nilizifanya tisa. Halafu nikawafikiria ndugu. Wale wasiojiandaa watakimbilia kwangu, nawajua mmoja mmoja na ulaji wao, jumla kumi na saba. Ndipo nikafikia madumu arobaini na moja, tochi tisa, filimbi kumi na mbili, kamba ya kuzunguka nyumba mara nne, na mikebe ya maharage mia mbili na sita. Wahenga walisema akiba haiozi. Wahenga hawakusoma kitako cha mkebe. Maharage yote yanakwisha muda wake mwisho wa mwezi huu, na maafa yakija tarehe mosi ya mwezi ujao nitakuwa nimejiandaa bure.

2. Chumba. Stoo inataka mlango imara, dirisha lenye nondo na paa lisilovuja. Nilikagua nyumba nzima nikakuta chumba chenye sifa hizo ni kimoja, nacho ni chetu cha kulala. Kitanda nilikifungua, mbao zake zikawa rafu. Mama watoto alikubali, kwa maelezo kwamba ni siku tatu tu. Tukahamia sebuleni, yeye kwenye kochi, mimi kwenye machela niliyoipata hospitali walipokuwa wanauza vitu chakavu. Ina mpini mmoja. Mtu akilala juu yake sharti anyooke kama rula, la sivyo inamwangusha upande wa kushoto.

3. Jirani. Mlango wa pili kutoka kwangu anakaa mama mmoja fundi cherehani. Alikuja kwenye mafunzo yako, akasinzia kuanzia "Ndugu wananchi" hadi "Asanteni". Nilipomuuliza ameandaa nini alisema ameandaa jirani, akacheka mpaka akashika cherehani asianguke. Wiki iliyofuata alikuja kuomba chumvi, mchuzi wake uko jikoni. Nilimweleza kwa heshima kwamba chumvi iliyopo ni ya dharura. Akasema mchuzi usio na chumvi ni dharura. Nilimpa fomu ya kuombea vifaa, akaichukua, na kesho yake niliiona fomu ile imekatwa mfano wa kola ya shati. Nimemwandika kwenye daftari langu chini ya kichwa "Watakaojuta".

4. Filimbi. Ulituagiza tufanye mazoezi. Jumapili moja alasiri niliipuliza filimbi ya daraja la kwanza, yenye kusikika mbali, ili kuona familia itatoka nje kwa dakika ngapi. Familia haikutoka. Ila uwanja wa mpira uko nyuma ya nyumba yangu, na wakati huohuo mshambuliaji wa timu ya mtaa alikuwa amebaki na kipa tu. Alisimama akidhani ameotea. Kipa akampora mpira. Mshambuliaji huyo siku za kazi ndiye kinyozi wetu, na tangu siku hiyo hajakubali kuninyoa. Wajumbe wako wakiona mzee mwenye ndevu za mtume asiye na umma, wajue ni mimi, na wajue chanzo.

5. Mke wangu. Hili nimeliweka mwisho kwa kuwa ndilo linalouma.

Miezi miwili iliyopita mama watoto alijikata kidole akimenya vitunguu. Akaja mlangoni pa stoo, damu inamtoka, akaomba plasta. Ndugu Mwenyekiti, plasta ninazo mia tatu. Lakini utaratibu wa stoo unataka sahihi mbili, ya mwombaji na ya mwidhinishaji, na mtunza stoo hatii sahihi yoyote, kazi yake ni kutoa tu. Nyumbani kwetu mwidhinishaji nilimteua yeye, kwa barua, kwa kuwa ndiye mtu ninayemwamini kuliko wote. Siku ile yeye ndiye aliyekuwa mwombaji, na mwombaji hawezi kujiidhinishia. Nikamshauri tumtumie fomu binti yetu anayeishi mji mwingine aisaini, ingerudi baada ya siku nne hivi.

Alifunga kidole kwa kipande cha kanga, akafungasha nguo, akaenda kwa dada yake. Mlangoni aligeuka akasema, "Siku utakayojua dharura ni nini, nitafute."

Sitaki uniite bahili. Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa mwepesi wa mkono. Muuguzi akiniomba bandeji mbili nampa sita, kila mtu ananiita mjomba. Asubuhi moja lililetwa gari la majeruhi, rafu ya bandeji ikawa tupu. Tupu kabisa, nilipitisha mkono nikatoka na vumbi. Daktari alichana mashuka. Hakuna aliyenilaumu na hakuna aliyekufa, lakini mlio wa yale mashuka ninao mpaka leo. Ndiyo sababu sijatoa kitu tena bila sahihi mbili. Mke wangu anakijua kisa hiki. Sijui kwa nini siku ile nilishindwa kukikumbuka kama anavyokikumbuka yeye.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, kwa kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nilisikia na mguu wangu ni mzima ila nyumba imevunjika, naiomba Kamati yako yafuatayo:

(a) Ilete maafa kabla ya tarehe ishirini na nane. Sina makuu, yawe madogo. Napendekeza mafuriko ya kufika kifundoni, kwa kuwa buti nilizonazo ni jozi kumi na mbili, zote namba kumi, na hakuna mtu katika ukoo wetu mwenye mguu mkubwa hivyo, hivyo maji yakizidi hapo tutatembea ndani na buti zitabaki zilipo. Upepo sikununulia kitu. Moto usiletwe, kuna mbao nyingi.

(b) Mafuriko hayo yaanzie kwangu yaishie kwa shemeji yangu, nyumba ya tatu baada ya mashine ya kusaga, ili mke wangu ahitaji kuokolewa. Nitafika na machela. Naomba taarifa ya siku saba ili nirekebishe mpini.

(c) Endapo bajeti ya Kamati haina maafa mwaka huu, basi nipewe cheti chenye muhuri kinachothibitisha kwamba nilikuwa sahihi, kiandikwe kwa jina la mke wangu na kipelekwe kwake na mjumbe asiyecheka.

Nisalimie katibu, na yule aliyeshika kipaza sauti kisichofanya kazi akaongea nacho saa mbili nzima bila kukata tamaa. Wasalimie wajumbe wote na wake zao, hasa wajumbe ambao wake zao wapo. Hata fundi cherehani ukikutana naye, msalimie, kwa sababu dharura ikija hatutabaguana.

Wako mtiifu, niliye tayari kuliko wote,
Mtunza Stoo Mstaafu

Nakala: Shemeji (asome kwa sauti, mke wangu akiwepo).

Baada ya sahihi: Ndugu Mwenyekiti, barua hii ilikuwa imeshafungwa, nimelazimika kuichana bahasha.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana bomba la jikoni kwangu lilipasuka. Nilipofika maji yalikuwa yameshavuka kizingiti, na baada ya muda mfupi yalinifika kifundoni, kipimo kilekile nilichokuomba. Naishukuru Kamati kwa haraka, ingawa ile taarifa ya siku saba sikuipata.

Spana ya kufungia maji iko stoo, rafu ya tatu. Nilijaza fomu vizuri kabisa. Kwenye sababu niliandika "Maji yamefika kifundoni". Nikatia sahihi ya mwombaji. Kisha nikaanza kumtafuta mwidhinishaji. Nilisimama katikati ya maji nimeinua fomu isilowe, nikamwita mke wangu kwa jina mara mbili, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nakuandikia hili kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia: muda wote ule ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Nilipuliza filimbi. Uwanjani hawakugeuza hata shingo. Aliyekuja ni fundi cherehani peke yake, futi ya kupimia ingali shingoni, akalifunga bomba kwa vitambaa na mpira wa kiuno cha suruali ya mteja, raundi kumi na nne. Lilinyamaza. Hakuniomba fomu. Nilimpa chumvi, pakiti tatu, akauliza nani kaidhinisha.

Nikatoka nilivyo, suruali imeloa, nikaenda na fomu yangu hadi nyumba ya tatu baada ya mashine ya kusaga. Mke wangu alikuwa kibarazani anachambua mchele. Aliisoma fomu yote, akatazama viatu vyangu, akaomba kalamu. Pale kwenye sababu alikata maneno yangu akaandika ya kwake: "Amenitafuta." Ndipo akatia sahihi.

Kitanda kimerudi chumbani tangu jana. Rafu hakuna tena, maharage yako uani juu ya turubai, kwa hiyo Jumamosi njooni Kamati nzima mle kabla ya tarehe. Kinyozi nimeshamwalika, amesema atakuja na wembe. Kila mtu aje na kifungulio cha mikebe. Hakikuwa kwenye orodha yako, nami kwa miezi kumi na minne sikugundua. Na yale maafa usiyalete tena, hata yakiwa ya bure.

Baada ya ile chumvi, kitu cha kwanza kutoka stoo kilikuwa plasta moja. Kidole kilishapona zamani, limebaki kovu dogo tu, lakini alikinyoosha, na mimi nikamfunga. Fomu sikujaza.