Mkusanya Maoni na Mwisho wa Roza

Alnashir hakuingia dukani kwa Damyanti, pale Ilford, London, kwa nia mbaya. Aliingia kwa sababu ya baridi. Nia mbaya ilimkuta humo humo ndani.

Damyanti, mjane wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu, alikuwa nyuma ya meza ya kupimia vitambaa, mkasi mkononi, akigombana na mteja wake, muuguzi Mkenya aitwaye Ann. Ugomvi haukuwa wa bei. Ulikuwa wa tamthilia.

"Roza hawezi kufungwa!" alisema Damyanti. "Mtu anafungua sefu kwa kusikiliza mlio wake tu. Huyo ni fundi, si mwizi."

"Mwizi ni mwizi, hata akiimba vizuri aje," akajibu Ann. "Na yule inspekta naye! Anamaliza ubeti mzima ndiyo afunge mtu pingu. Sasa mshukiwa anangoja nini hapo, kiitikio?"

Majuma hayo mashariki ya London hakukuwa na habari nyingine. Kila Jumapili televisheni ilionyesha sehemu moja ya *Wizi kwa Noti Saba*, tamthilia ya uhalifu ambamo wezi waliimba, polisi wakaimba, na hata maiti mmoja aliitikia kidogo. Sehemu nne zilikuwa zimepita, bado mbili, na watu wazima wenye akili zao walikuwa wamenuniana.

Alnashir hakuwa ameitazama hata dakika moja. Lakini alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, sauti laini kama samli, na kipaji cha kumtambua mwenye kiu kabla mwenyewe hajajijua. Wanawake wale walikuwa na kiu ya kusikilizwa. Na kiu hiyo, Mola atusitiri, mtu huilipia zaidi kuliko ya maji.

Alikohoa kwa adabu. "Samahani, dada zangu. Ningependa kuyaandika hayo."

"Wewe nani?" akauliza Damyanti.

"Alnashir, mwana wa Tanga. Nakusanya maoni ya watazamaji. Watengenezaji wamerekodi miisho miwili: katika mmoja Roza anafungwa, katika wa pili anaponyoka. Wanangoja kusikia watu wa heshima wanasemaje." Akashusha sauti. "Lakini nisiseme zaidi. Ni siri ya kazi."

Siri ya kazi ilitosha. Damyanti alimvuta pembeni, akamvisha koti zito la sufu, akamnong'oneza kwamba Roza lazima aponyoke. Alnashir akaapa. Nje, mlangoni, Ann alimshika mkono na kumwahidi mashine ya kahawa, mpya, bado kwenye boksi, mradi Roza alale jela. Alnashir akaapa tena. Kiapo kwake kilikuwa kama mwavuli: kinafunguliwa mvua inapotaka.

Mtu wa cheo kama chake alihitaji ofisi. Akaipata Walthamstow, kwa Bi Ghalia, Mswahili wa Mombasa aliyejua kupika lakini asiyejua kuita watu. Mkahawa wake ulikuwa mtupu kama msikiti saa nne asubuhi.

"Nipe meza na chakula cha mchana," alimwambia, "nami maoni yako nitayahesabu mara mbili."

Bi Ghalia alimtazama kama anayepima samaki sokoni. "Mimi sina maoni," akasema. "Lakini keti. Keti pale dirishani, uonekane."

Basi akaonekana. Habari zilifika Woolwich, ng'ambo ya mto, kabla ya Ijumaa. Watu walikuja kwa treni na mabasi, wakapanga foleni hadi mlangoni, na kwa kuwa foleni huleta njaa, waliagiza. Alnashir alikula mbaazi za nazi kwa mahamri na kutikisa kichwa kama jaji. Bhavesh, daktari wa meno, alimvua Alnashir saa ya plastiki na kumfunga yake ya dhahabu, aliyoachiwa na baba yake, ili tu yule shemeji wa Roza kwenye tamthilia asiuawe. Wengine walileta vitambaa, manukato, na blenda. Yote yaliingia kwenye sanduku kubwa alilolihifadhi stoo kwa Bi Ghalia.

Mpango ulikuwa mwepesi. Jumapili ya mwisho, watu wakiwa nyumbani mbele ya televisheni zao, yeye angechukua sanduku na kupanda basi la kwenda mji wa mbali, Leicester.

Saa kumi na mbili na nusu jioni alisukuma mlango wa mkahawa. Ulikuwa umejaa hadi ukutani. Na ukutani palining'inia televisheni kubwa kama kitanda.

"Huyo amefika!" akapaza sauti Bi Ghalia. "Mpisheni. Kiti chake ni cha mbele."

Alikaa katikati ya Damyanti na Ann, koti mwilini, saa ya Bhavesh ikimhesabia dakika za basi lake. Kisha ikaanza, na kwa mara ya kwanza Alnashir akaitazama.

Roza alilipua sefu ya mwisho, na mlipuko ukamharibia masikio. Inspekta alimkuta kwenye vumbi. Akamwimbia wimbo wa kumwachia huru: nenda, njia iko wazi, sitageuka. Roza hakusikia neno. Alimtazama tu, kisha taratibu akanyoosha mikono ifungwe pingu. Hapo pakawa giza. Mwisho.

Alnashir aligundua shavu lake limelowa.

"Uliniambia ataponyoka!" Damyanti akageuka.

"Alikuambia nini?" Ann akasimama. "Mimi aliniambia atafungwa!"

Viti vilikwaruza sakafu. Bhavesh alianza kukunja mikono ya shati. Alnashir alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani samli iligoma kumiminika.

"Jamani!" Bi Ghalia alipita katikati yao. "Mtazameni mwenzenu anavyolia. Mtu aliyeujua mwisho hulia hivi? Naye watengenezaji wamemzunguka! Hawakumsikiliza yeyote." Minong'ono ikalegea. "Tena aliniambia asubuhi: maoni ya watu yakidharauliwa, hachukui hata sindano. Zawadi zenu amezifungasha mwenyewe. Njoo, Bwana Alnashir, uwape."

Akalisukuma sanduku mpaka miguuni pake.

Alnashir aligawa moja moja, akitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Bhavesh aliibusu saa ya babake, kisha akambusu Alnashir.

"Na koti?" akanong'ona Alnashir.

"Na koti," akasema Bi Ghalia.

Wakaondoka wakimsifu. Damyanti alisema muungwana kama huyu hajamwona tangu aondoke Kisumu. Basi la Leicester nalo lilikuwa limekwenda zamani.

"Ulijua lini?" Alnashir alimuuliza Bi Ghalia jikoni.

"Siku ya kwanza. Dada yangu yuko Kanada, huko ilionyeshwa mwaka jana. Alinisimulia mpaka mwisho, hana adabu yule."

"Ukaninyamazia? Ukanilisha majuma mawili?"

"Nilikuwa nafunga mkahawa mwezi huu, baba. Wewe ulikula mbaazi zangu, mimi nikala watu wako. Chukua shali hii, nje kuna baridi."

Alivumilia siku tatu. Kilichomsumbua hakikuwa koti wala saa. Kilikuwa Roza. Alnashir aliamini kwamba Roza alielewa; kwamba aliusoma ule wimbo kwenye midomo ya inspekta, akachagua pingu mwenyewe. Jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na London nzima hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Siku ya nne akaenda Walthamstow. Mkahawa ulikuwa umefurika, na kwenye meza ya dirishani wageni walikuwa wakibishana hadi vikombe vinatikisika.

"Bi Ghalia," alianza, akihema, "mimi naona Roza alielewa. Ule mkono wa kulia, uliona alivyoutanguliza? Mtu asiyeelewa hafanyi vile..."

Bi Ghalia aliinua mwiko. "Mwisho wa foleni, kule. Na hapa kwangu, mtu hutoa maoni akishaagiza."

Alnashir alisimama nyuma ya watu kumi na mmoja. Zamu yake ilipofika, alitia mkono mfukoni, akatoa pesa zake mwenyewe, akaagiza mbaazi na mahamri sita, maana alikuwa na mengi ya kusema.