Kuhusu Ndama wa Jenipha Asiyekua

Kwa Mwenyekiti wetu wa Chama cha Wafugaji, Mzee Ryoba,

Shikamoo Mzee. Hapa ofisi ya Issenye tu wazima wote, isipokuwa kompyuta. Nikiwa katibu wako, ninaandika kumshitaki Jenipha, yule mtaalamu aliyeko Nyamongo anayetutengenezea programu ya chanjo za ng'ombe.

Kila akiigusa programu, huiuliza tena maswali ya zamani, anayoyaita majaribio, aone kama majibu hayajaharibika. Kwake Nyamongo yanafaulu yote. Yakifika kwetu, nusu yanafeli. Muungwana angekubali kwamba kila mahali pana mila zake. Yeye kanijibu kwenye simu kwamba ng'ombe ni yuleyule, basi jibu liwe lilelile. Dharau hiyo! Malalamiko yangu ni haya:

1. Amesimamisha tarehe. Zamani majaribio yalifuata saa ya kila kompyuta, na yetu iko nyuma kidogo, bado iko mwaka juzi. Sasa kwenye majaribio ni Januari mosi daima. Ndama wa mfano ana miezi sita tangu masika, na atazeeka na miezi sita. Mfugaji gani anafuga ndama wa hivyo?

2. Kompyuta ilikuwa ikijichagulia ng'ombe wa kujaribiwa kwa bahati nasibu. Ameipa namba moja ya kuanzia, kwa hiyo inawatoa walewale, kwa mpangilio uleule. Kura gani hiyo ambayo mshindi anajulikana tangu asubuhi? Chama chetu kinaujua utaratibu huo, lakini sisi angalau tunaona aibu.

3. Hili ndilo limeniuma. Programu ameifungia kwenye boksi, si la mbao, la humohumo ndani ya kompyuta, lenye kila kitu inachohitaji, isitegemee chochote cha mwenyeji, na sasa anataka kutuletea hapa. Mgeni anakuja kwako na ugali wake, maji yake na kigoda chake! Kwetu Ukuryani, huo ni ugomvi.

4. Majibu yakilingana, Kamati ya Kusuluhisha Majibu, ninayoiongoza mimi, itajadili nini?

Naomba basi Jenipha aachishwe kazi, na majibu ya kompyuta yapigiwe kura ya kunyoosha mikono, kila kata kivyake.

Msalimie mama, wajukuu, na lile dume lako la pembe iliyopinda.

Katibu wako mtiifu,
Emanuel Magige

N.B. Nikiwa nafunga bahasha nimeangalia ng'ombe wanaokuja Jumamosi kutoka Nyanungu, mahari ya binti yangu Agness. Kompyuta yetu inasema wamechanjwa wote. Nimepiga simu Nyamongo, ya kwao inasema hakuna hata mmoja. Mzee, hao watalala zizi moja na ng'ombe wangu. Nimetaka kuitisha Kamati, nikakumbuka Kamati ni mimi. Tafadhali Jenipha asifukuzwe. Aje kabla ya Jumamosi na boksi lake, aje hata na ugali wake. Nataka jibu moja.